Mgomba Uliozikwa Buhehe

Rubongi, Tororo
Jumapili, 18 Februari 2024

Kwa kaka yangu Egesa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Rubongi. Mimi ni mzima, ila vumbi la kiangazi limenipa kikohozi. Nyumbani Buhehe niliwaacha wote wazima. Yule ng'ombe mwekundu wa pembe moja amezaa ndama dume. Nilipomwambia Mama kwamba nitakuandikia, aliniuliza kama huko Bungoma mnapata mihogo mizuri. Nimeihesabu hiyo kuwa salamu.

Barua hii ameibeba Mama Nereah, yule wa mitumba anayevuka Malaba kila asubuhi na kutandaza nguo zake nje ya geti letu. Simu shuleni ni marufuku, na ya Mama inashinda mfukoni mwa Arthur, kwa hiyo tuvumiliane na karatasi.

Nimepata kitabu kwenye stoo ya maktaba, nyuma ya madawati mabovu. Jalada halipo. Kinaeleza watawala wa Poland wa zamani sana, miaka mia tisa iliyopita. Mtawala mmoja alikuwa na wana wawili wa mama wawili. Mkubwa aliitwa Zbigniew. Maaskofu walisema ndoa ya mama yake haikuwa ndoa, basi wakampeleka mbali akiwa mdogo, akasomeshwa kwa watawa ili asahau kutawala. Mdogo aliitwa Boleslaw. Rafiki yangu Akurut anasema Zbigniew ni jina la dawa ya minyoo. Mimi nimempenda.

Sasa nikuambie jambo lenyewe. Arthur amechoma matofali. Wazazi wa msichana anayetaka kumwoa wanataka kuona nyumba kwanza. Lakini Baba Mkubwa Obore amemkataza kuchimba msingi. Alimwambia mbele yetu, "Mdogo hajengi kabla ya mkubwa kwenye boma la baba yake. Egesa aje asimamishe hata kibanda cha kuku, ndipo na wewe uendelee." Kaka, ni siku moja tu. Uje usimamishe kibanda, ulale humo usiku mmoja, urudi kazini. Najua mimi na Arthur ni tumbo moja na wewe ni wa marehemu Mama Loy. Lakini aliyenifundisha kusoma ni wewe, kwa mkaa, ukutani mwa jikoni. Arthur alipaka ukuta ule chokaa, ila herufi ya D bado inaonekana.

Ni mimi mdogo wako,
Damalie


Bungoma
9 Machi 2024

Kwa Profesa Damalie,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Huku mvua imeanza, na Mungu ananisaidia. Kazi ya kuchomelea ipo. Kikohozi chako kitibu kwa tangawizi, si kwa vitabu. Mwambie Mama mihogo ya huku ina nyuzi kama kamba.

Mwezi uliopita nilijitengenezea mlango wa chuma, nikaupaka rangi ya kijani. Mzuri, una maua juu. Vijana wa hapa wananicheka: "Fundi, mlango bila nyumba ni wa kuingia wapi?" Nimeusimamisha ukutani, kitanda changu kiko mbele yake.

Huyo Zbigniew alirudi kutoka kwa watawa? Niambie.

Kuhusu Arthur sina haraka. Ana matofali? Ayakalie. Siku ya kumzika Baba alinikimbiza na panga kutoka kaburini hadi barabarani, watu wa Masaba na Buhehe wote wakitazama, na mkono wangu wa kushoto mpaka leo haufungi ngumi. Alisema, "Mtoto wa yule mwanamke hana udongo hapa." Sasa anahitaji mtoto wa yule mwanamke ndiyo aoe. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Soma kwa bidii.
Kaka yako, Egesa


Rubongi
24 Machi 2024

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepona. Mwalimu Ofwono wa historia amegundua ninasoma kitabu kile na hakunikemea, ameniomba tu nimpe nikimaliza.

Zbigniew alirudi, ndiyo. Baba yao alipokufa nchi iligawanywa, yeye upande wa kaskazini na Boleslaw upande wa kusini. Boleslaw hakutaka kugawana. Alimpiga vita mpaka akamfukuza, na Zbigniew akaenda kuishi kwa mfalme wa Wajerumani.

Arthur alikuja siku ya wazazi kunitembelea. Aliniletea mandazi na sabuni. Alikaa kwenye benchi akikunja na kukunjua kofia yake, kisha akasema, "Damalie, wewe ndiye yule mtu anayemsikia. Mwambie aje. Mimi simgusi. Naapa kwa kaburi la mzee."

Nikamuuliza, "Mbona usimwandikie mwenyewe?"

"Nimwandikie nini? Eti pole kwa mkono?" Alitazama chini. "Kila siku naona mkono ule. Mwambie tu aje."

Macho yake yalikuwa mekundu. Mimi nilimwamini. Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza.

Damalie


Bungoma
20 Aprili 2024

Dada mdogo,

Natumaini umefanya mitihani vizuri. Huku mafuriko yamekula daraja dogo la mtaani kwetu, tunavuka kwa mbao. Mimi sijambo.

Nimesoma maneno ya Arthur mara nyingi. Hata mimi nilitaka kumwamini. Halafu asubuhi nikashika nyundo na mkono wa kushoto, ikaanguka.

Sikiliza. Panga sina, ardhi sina, ila nina hiki kimoja: nisipokuja, hajengi. Kwa hiyo siji. Ukienda likizo akikuuliza, sema hujasikia lolote kwangu tangu mwaka jana. Usiseme niko Bungoma. Akae na matofali yake mpaka yaote majani, na yule msichana aolewe na mwingine. Hili nakuomba kama kaka, na sijakuomba kitu tangu uzaliwe.

Zbigniew aliendelea kukaa kwa Wajerumani?

Egesa


Rubongi
2 Juni 2024

Kaka,

Nimerudi shuleni salama. Mama alinipa karanga za kukaanga, na nusu nimempa Mama Nereah akuletee. Usipozipata ujue zimeliwa Malaba.

Nilifanya ulivyoniomba. Arthur aliniuliza jikoni, Mama akipepeta mtama. "Alikujibu?"

Nikasema, "Hapana. Sijasikia lolote kwake tangu mwaka jana."

Mama aliacha kupepeta. Anajua. Barua yako ya Machi nilimsomea mimi mwenyewe, ile ya mihogo yenye nyuzi. Nilingoja aseme. Alipuliza makapi, akaendelea.

Arthur hakukasirika, na hilo ndilo linalonisumbua. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu, akaenda kwa Baba Mkubwa.

Kuhusu Zbigniew, nimefika mahali ambapo kaka yake anamkaribisha nyumbani. Kwa sasa nimekiweka kitabu chini. Tuna mazoezi mengi ya hisabati.

Damalie


Rubongi
14 Julai 2024

Kaka Egesa,

Sijapata jibu la barua ya Juni, na sijui kama hii utaisoma. Mama Nereah anasema yuko mtu aliyeipokea pale karakana unakochomelea. Tafadhali niandikie hata neno moja.

Jana mama yake Akurut alikuja shuleni. Aliniona, akanikumbatia kwa nguvu, akasema, "Pole, mwanangu. Pole kwa kaka yako mkubwa."

Nikamuuliza kaka gani.

"Kwani hawakukuambia? Walizika wiki iliyopita. Walizika mgomba."

Nilikaa chini kwenye nyasi. Alinieleza yote. Arthur aliwaambia wazee kwamba ulikuwa kwenye lori la vibarua lililosombwa na mto wakati wa mafuriko, upande wa Kenya, na kwamba miili mingine haikupatikana. Wazee wakauliza, nani amesikia habari za Egesa? Arthur akajibu, "Hata Damalie, ambaye alikuwa akimwandikia, hajasikia kitu tangu mwaka jana. Muulizeni Mama, alikuwepo nikiuliza." Na Mama akasema, "Ndivyo mtoto alivyosema."

Wewe unajua desturi. Mtu akipotelea majini, unazikwa mgomba badala yake ili roho yake isizurure. Wakachimba kaburi pembeni ya Mama Loy. Halikuwa refu, lilifika kwenye magoti tu. Mvua ilikuwa inanyesha na vijana waling'ang'ania kumaliza. Wakafunga mgomba kwa shuka, wakaushusha, wakalia. Mama Akurut anasema Arthur alilia kuliko wote.

Siku ya pili alichimba msingi. Mkubwa akifa, mdogo anajenga.

Kaka, yule aliyesema hajasikia ni mimi. Uliniambia niseme hivyo, na wameushika usemi wangu wakakuzika nao. Tafadhali andika.

Damalie


Bungoma
11 Agosti 2024

Dada Damalie,

Marehemu Egesa anakusalimu. Karanga nilizipata, zilikuwa tamu.

Usilie. Kosa si lako. Nilidhani kutokuja kwangu ni kufuli. Sikujua ufunguo anao yeye.

Vijana wa karakana wamenitania wiki nzima. Mmoja anasema, "Marehemu, nipe nyundo." Mwingine anasema, "Marehemu halipi chai." Siku ya kwanza nilicheka nao. Siku ya tatu nilimpiga mmoja, nikamwomba radhi.

Zbigniew alipokaribishwa nyumbani, ilikuwaje? Mbona umenyamaza?

Egesa


Rubongi
22 Septemba 2024

Kaka yangu mpendwa,

Nakushukuru kwa kuandika. Nilikaa na barua yako nyumbani likizo nzima, ndani ya soksi.

Jumapili moja wazee walikaa kwetu baada ya kanisa. Unajua mimi hata darasani sisimami nikijua jibu. Nilisimama. Nikashika nguzo ya jiko. Nikasema, "Baba Mkubwa, Egesa hajafa. Ameniandikia mwezi huu."

Arthur akasema, "Si ulisema mwenyewe hujasikia kitu?"

"Nilidanganya."

"Basi leo ndiyo unasema ukweli? Nani anajua?"

Baba Mkubwa Obore alichukua karatasi, akaigeuza pande zote mbili, kisha akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, karatasi haina miguu. Mtu aliyezikwa hafukuliwi na barua. Aje mwenyewe, asimame pale kaburini, kondoo achinjwe, mgomba utolewe mbele ya macho yake. Hapo atakuwa hai na ujenzi wa Arthur utasitishwa kwanza. Lakini Arthur akishalala na mke wake ndani ya nyumba ile, boma limefungwa. Egesa hatakuwa na mahali hapa tena."

Kuta zimefika kwenye madirisha, Kaka. Mabati yatapigwa Novemba. Nilimtazama Mama, nikamwambia, "Mama, waambie. Nilikusomea barua ya Machi." Aliinua sufuria, akaingia ndani.

Uliuliza kuhusu Zbigniew. Sikutaka kukuandikia kwa sababu niliogopa nitakuzuia kuja, na sasa naogopa kukudanganya tena. Boleslaw alimkaribisha na kumwahidi amani. Zbigniew akaingia kwa fahari, upanga ukibebwa mbele yake, ngoma na vinanda vikipigwa, kama mtu anayeingia kwenye nchi yake. Watu wakamnong'oneza Boleslaw kwamba kaka yake bado anataka kutawala. Akaagiza atolewe macho. Hakumuua. Kwa watu wale kipofu hawezi kutawala, kwa hiyo ilitosha.

Nimekuambia yote. Pamoja na hayo nakuomba uje. Usije kwa ngoma. Njoo kimya, uende moja kwa moja kwa Baba Mkubwa, na mimi nitaomba ruhusa nisimame nawe.

Damalie


Bungoma
13 Oktoba 2024

Damalie,

Natumaini hii inakukuta mzima.

Nilikuja. Sikukungoja wewe kwa sababu nilijua nikingoja nitaahirisha. Nilivuka Busia Jumamosi asubuhi, nimevaa shati jeupe. Nilinunua mkate na sukari ya kumpelekea Baba Mkubwa. Boda aliniacha kwenye kona ya kisima.

Mama yako alikuwa anatoka kisimani na mtungi kichwani. Tulikuwa wawili tu njiani. Nikasema, "Shikamoo, Mama." Alisimama. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka usoni, akanitambua, maana midomo yake ilianza jina langu. Halafu akafumba macho. Alifumba kabisa, kama mtoto anayeogopa radi, akapita pembeni yangu namna hiyo, akipapasa njia kwa miguu, maji yakimwagika mabegani. Hakuyafumbua mpaka alipoingia getini.

Watoto wawili walikuwa kwenye uzio. Mmoja aliita, "Ni yule wa mgomba!" Wakakimbia.

Ningeweza kwenda kwa Obore, nyumba yake ilikuwa naiona. Lakini nilikumbuka huyu ndiye mama aliyenilisha tangu Mama Loy afe. Kama yeye ameweza kufumba macho, nitasimama kaburini nimwoneshe nani? Mkate na sukari niliviacha juu ya jiwe la kisima.

Kitabu chako kimeelezea vibaya. Mimi macho yangu ninayo.

Mlango nimeuuza. Hapa karakana sitakaa muda mrefu, kuna kazi mbali kidogo, na huko nitatumia jina jingine. Usiandike tena. Maliza shule. Usiolewe haraka.

Egesa


Rubongi
24 Novemba 2024

Kaka yangu Egesa,

Umesema nisiandike. Mama Nereah naye ananiambia karakana haina habari zako. "Huyo ndugu yako ameshahama, na hakuna anayejua wapi," alisema, kisha akanyoosha mkono, "Lakini lete tu, madereva wa malori ni rafiki zangu, nitauliza mmoja mmoja." Kwa hiyo naandika bila kujua kama utasoma. Mimi ni mzima. Ndama anakula nyasi sasa.

Wiki iliyopita Baba Mkubwa Obore alikuja shuleni mwenyewe, amevaa koti la kanisani. Alimwomba mwalimu mkuu anichukue siku moja. Tulipofika Buhehe alinipeleka moja kwa moja kwenye kaburi lako.

Limechipua, Kaka. Katikati ya kaburi limetoka chipukizi la mgomba, jani moja limekunjwa kama karatasi.

Unajua wanaozika mgomba hukata shina tu, shina lisilo na mzizi, lioze. Siku ile vijana waling'oa mgomba mzima pamoja na mizizi yake, kwa sababu ya mvua na haraka, wakaufunga shuka, wakaufukia kina cha magoti tu. Wamempanda mtu badala ya kumzika. Watu wanatoka Masaba kuja kutazama. Wanasimama mbali, wanashika midomo.

Baba Mkubwa aliniambia, "Nilikuambia karatasi haina miguu. Nimekosa. Soma ile barua tena, hapa, kwa sauti." Nikaisoma, hata ile sehemu ya marehemu halipi chai. Hakuna aliyecheka. Nilipomaliza alisema, "Kondoo nimeshamnunua. Amefungwa kwangu. Atamngoja Egesa, hata akizeeka."

Arthur amepiga mabati. Nyumba imekwisha, lakini hajalala ndani. Analala kwenye banda la ng'ombe. Wazazi wa yule msichana wametuma ujumbe kwamba binti yao haingii nyumba ya watu waliozika mtu aliye hai. Arthur hajaoga siku nyingi na ugali anausukuma pembeni. Nilimkuta amekaa juu ya matofali yaliyobaki. Nikataka kumchukia, nikashindwa. Aliniuliza, "Yule wa kitabu chako, yule mdogo, baadaye alifanyaje?" Sikujua kwamba Mama, niliyemsimulia likizo, alikuwa amemsimulia na yeye.

Nikamwambia, na wewe nakuambia. Boleslaw alijuta. Alifunga kula, akalala kwenye majivu, akatembea bila viatu, akaenda mpaka nchi ya Hungary kumwomba mtakatifu. Baada ya hapo alitawala zaidi ya miaka ishirini. Alipokaribia kufa aliwagawia wanawe nchi, akamweka mkubwa juu ya wote, ili wasifanyiane aliyoyafanya yeye. Wakapigana vilevile. Zbigniew hatajwi tena. Kitabu hakisemi alikufa mwaka gani wala alizikwa wapi. Nimepekua mpaka ukurasa wa mwisho.

Arthur akaenda kuchukua panga, lile lile, akalikata chipukizi mbele yetu sote. Baba Mkubwa hakumzuia. Nililala nyumbani usiku ule, na asubuhi, kabla sijarudi shuleni, nilienda kutazama. Moyo wa chipukizi ulikuwa umeshasukuma juu tena, urefu wa kidole, mweupe.

Mama alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anachomeka vijiti kulizunguka ili mbuzi wasile. Hakugeuka. Aliniambia tu, "Nishikie kamba hapa," nikamshikia mpaka akamaliza kufunga.

Mdogo wako,
Damalie